Kimya Kabla ya Shupaza Nne

Maseno, 11 Machi 2024

Nduta,

Simu yako imezimwa tangu wiki jana. Nimefika hadi dukani kwako, na yule binti anayekushonea sare za shule akaniambia umekwenda Homa Bay kwa mwanao Wamucii, na hukusema utarudi lini. Miaka kumi na tisa tumeketi tukitazamana kwenye meza moja, halafu habari za safari yako napewa na fundi cherehani. Sawa.

Nakuwekea hapa rasimu ya rufaa yangu kwa katibu wetu Khaemba, kupinga uamuzi wa mashindano. Nimeeleza kila kitu kama kwa mtu asiyejua kitu, maana katika kamati ya watu watatu, wawili ni wacheza tenisi. Kwao briji ni shughuli ya wazee waliochoka kulala.

Rasimu yenyewe: "Katika briji wanacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi hutazamana. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja ni mara ngapi upande wake utakula karata na turufu itakuwa gani, au anapita. Mwenzako huruhusiwi kumpasha habari kwa njia nyingine yoyote, iwe jicho, kikohozi au sauti. Mimi nilifungua kwa shupaza moja. Bi. Debra Achola, wakili, aliyekaa kushoto kwangu, akataja kopa mbili. Nduta akaniunga mkono kwa shupaza mbili. Nabalayo, mwenzi wa Achola, kopa tatu. Mimi shupaza tatu. Achola kopa nne. Hapo zamu ikawa ya Nduta. Akafikiri, akapita. Nabalayo akapita. Nami nikataja shupaza nne, yaani niliahidi kula mara kumi kati ya kumi na tatu, maana sita za mwanzo hazitajwi. Nikala mara kumi."

"Akafikiri", nimeandika. Neno la heshima hilo. Nduta, ulikaa mpaka mhudumu akaja kukusanya vikombe, akatutazama mmoja mmoja kama watu waliofiwa, akaondoka navyo, na wewe bado. Ndipo Achola alipoinua mkono kumwita mwamuzi. Na Khaemba, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa, akaamua kwamba kimya chako kiliniambia una nguvu, kwamba sikuwa na haki ya kukisikia, na kwamba shupaza zangu nne zifutwe. Kwa hiyo Achola na Nabalayo ndio wanaokwenda Nairobi kuwania timu ya taifa. Sisi tunabaki kutazama magugu maji ya ziwani.

Hilo ningelimeza. Lakini kwenye chai Achola alisema, mbele ya watu: "Oketch ni mwizi wa kimya." Mimi nimewaita watu wezi gazetini kwa miaka ishirini, kwa majina yao na kwa ushahidi, na nusu ya niliowaita hunywa chai pale klabuni. Unajua jinsi walivyocheka? Walicheka kama watu waliokuwa wakisubiri.

Rufaa itasikizwa tarehe sita Aprili. Ninachotaka kwako ni kifungu kimoja tu, kimeandikwa na kutiwa sahihi: kwamba ulikawia kwa sababu isiyohusu karata zako. Kichwa kilikuuma, ulikuwa unawaza duka, lolote. Ukiandika hivyo, kimya chako hakikubeba habari, na mimi si mwizi.

Andika upesi. Nimechoka, ila sijachoka vya kutosha kunyamaza.

Byron Oketch


Homa Bay, 15 Machi 2024

Oketch,

Simu nimeizima kwa sababu yako. Ukiwa kwenye simu huwa unahutubia. Ukiandika, angalau unalazimika kufika kwenye nukta. Tuendelee hivi hivi.

Nilikawia kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mtu mzima ana ruhusa ya kufikiri. Sina kingine cha kumwandikia Khaemba.

Tena sikuelewi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu matundu. Esi, mfalme na malkia: katika kila aina ya karata, kila mmoja wao asipokuwepo mkononi ni tundu, ila matundu hayazidi idadi ya karata ulizo nazo za aina hiyo. Ulikuwa na shupaza sita zenye esi, malkia na ghulamu, kopa moja, uru tatu zenye mfalme na ghulamu, pau tatu zenye malkia. Matundu sita. Anayeunga mkono mara moja kama nilivyofanya mimi ana manane au tisa. Jumlisha, toa kwenye ishirini na nne. Inakuja mara kumi au tisa za kula. Na ni nani alikuwa akitupigia kelele darasani pale klabuni kwamba mwenzako akipita, mhesabu kwa kiwango cha chini? Kwa kiwango cha chini ni tisa. Ulikuwa umeshataja shupaza tatu. Ulikuwa umeshasema yote uliyo nayo. Kwa sheria yako mwenyewe ulipaswa kupita. Hukupita.

Sasa kwa vile tunaandika, acha niandike na hili. Wewe hukosi kucheza. Tukinunua mkataba, yaani tukishinda mnada, mmoja hucheza na mwenzake anakuwa dami: analaza karata zake wazi mezani, anakunja mikono, ananyamaza. Mwaka huu na mwaka jana dami ni mimi. Wewe ndiye uliyetuletea yale makubaliano ya uhamisho. Ukifungua bila turufu, nami nina kopa tano, sitaji kopa. Nataja uru, wewe unataja kopa kwa niaba yangu, na unacheza wewe. Kopa zangu, mchezo wako. Nilikubali. Ukasema ndivyo dunia nzima inavyocheza siku hizi. Lakini nikifungua mimi bila turufu, wewe mwenye kopa, unausahau uhamisho wako na kuruka moja kwa moja hadi kopa nne, ili ucheze tena wewe. Mpaka Nabalayo ameanza kunitania: "Mama Wamucii, leo umekuja kutuletea karata za mzee?"

Nimechoka kuwa trei, Oketch. Yule Laban wa idara yenu chuoni ni kijana mwerevu na anakuogopa. Cheza naye.

Wamucii anakusalimu. Huku joto ni kali na samaki ni wazuri.

Nduta


Maseno, 19 Machi 2024

Mama Wamucii,

Trei! Naona hewa ya Homa Bay inakunoa ulimi.

Kwanza kuhusu matundu. Umehesabu vizuri, na mwalimu wako anajivunia. Lakini hesabu si kasuku. Nilikuwa na kopa moja tu. Achola na Nabalayo walikuwa wamezitaja kopa mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuziota. Palipo na kopa nyingi kwao, kwako zilikuwa chache, na hakuna tundu kubwa hapo. Mkono haupimwi siku unapogawiwa. Unapimwa upya kila mtu anapofungua mdomo, na mkono wa pointi kumi na tatu unaweza kuwa kumi na sita kabla chai haijapoa. Nimeandika haya mara ngapi? Wanaohesabu esi nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja, kisha wakafunga daftari, ni makarani. Sikuwahi kuwa karani.

Pili, kuhusu mimi kunyakua mchezo. Nilikuwa na sababu yangu na ilikuwa nzuri. Hiyo tuiache.

Tatu, Laban. Laban hutaja kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Sitaki kusikia habari za Laban.

Nne, na hii ndiyo kubwa. Juzi nimeshuka Kisumu, nikapitia Manyatta kumwona fundi wa redio yangu. Mtu nisiyemjua, aliyekaa kibandani na kikombe cha uji, akaniita: "Jaduong' Oketch! Mzee, wewe ndiye yule wa karata?" Yule wa karata, Nduta! Nimeandika kuhusu masoko yaliyoungua, barabara zilizojengwa kwa maneno, madaktari wanaofanya kazi bila glavu. Sasa mimi ni yule wa karata. Achola ameifanya kazi yake. Mhariri wangu naye amenipigia, kwa upole mwingi, na upole wa mhariri unautambua. Anataka kujua kama ningependa "kupumzika kidogo" mpaka mambo yatulie.

Sina umri wa kuanza upya, na sina nguvu ya kupigana na watu wanaocheka. Anayekasirika namweza. Anayecheka simwezi.

Kwa hiyo narudia. Kifungu kimoja: "Kukawia kwangu hakukuhusu karata." Sitauliza sababu. Kamati haitauliza, nitahakikisha. Andika hivyo tu, kisha ukitaka usinione tena, usinione.

B. Oketch


Homa Bay, 24 Machi 2024

Oketch,

Siwezi kuandika hivyo. Ingekuwa uongo. Kulihusu karata.

Usiniulize tena.

Nduta


Kisumu, 30 Machi 2024

Kwa Mama Nduta,

Salamu kutoka klabuni. Wamucii ndiye aliyenipa anwani hii. Nakuandikia kama katibu na kama mwamuzi wa mashindano yale, ili usisikie mambo haya kwa watu.

Bwana Oketch ameondoa rufaa yake. Amekuja mwenyewe Alhamisi, hakuketi, akaniwekea karatasi mezani. Nainakili kama ilivyo: "Nilitaja shupaza nne kwa sababu ya kimya cha mwenzangu. Mwamuzi alikuwa sahihi. Adhabu yoyote iwe yangu peke yangu. Nduta Chege hakufanya kosa lolote." Kisha sahihi.

Nikamwambia, Bwana Oketch, unajua ukitia sahihi hapa unakiri? Akaniambia, "Khaemba, kusoma unajua, au na wewe unahitaji mkalimani?" Huyo ndiye yeye.

Kanuni zinanilazimisha kumsimamisha mpaka mwisho wa mwaka. Nimefanya hivyo. Bi. Achola amepata alichotaka na, kusema kweli, haonekani kukifurahia. Alitarajia vita. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

Mama, mimi nimemjua Oketch tangu alipokuwa na nywele. Sijawahi kumsikia akikubali kosa, hata alipomkanyaga mke wangu harusini. Kuna kitu sikielewi. Tena mwezi wa Novemba alinijia na ombi geni, kwamba klabu inunue karata zenye namba kubwa na rangi nne, zile ambazo uru ni buluu na pau ni kijani. Nilidhani ni macho yake. Nikamwambia akanunue miwani. Akanitukana kwa Kiluo, akaenda zake. Baadaye nikaona vibaya nikaagiza pakiti mbili, ziko kabatini, hazijafunguliwa.

Kama unaweza kunisaidia kuelewa, nisaidie. Kama huwezi, Mungu akubariki na duka lako.

Khaemba


Homa Bay, 5 Aprili 2024

Byron,

Sijawahi kukuita hivyo. Leo nakuita, ujue siandiki kwa utani.

Khaemba ameniandikia. Ameniambia ulichotia sahihi, na ameniambia kuhusu karata za rangi nne ulizoomba Novemba. Novemba! Mimi mwenyewe nilikwenda kwa daktari wa macho Januari.

Tangu lini unajua?

Acha nikwambie yale ambayo labda huyajui, kisha utaniambia unayoyajua. Ninaposema naandika, ni Wamucii anayeandika. Mimi nasema. Macho yangu yamekufa katikati. Pembeni kuko sawa. Nauona mlango, nakuona ukiingia, naona sare za shule zikining'inia ukutani. Lakini pale ninapotazama ndipo pasipoonekana. Nikitazama karata, karata inayeyuka. Nikitazama pembeni yake, inarudi kidogo. Nyeusi nazitambua. Nyekundu zimekuwa kitu kimoja.

Siku ile nilikuwa na shupaza tatu zenye mfalme, pau nne za bure, na nyekundu sita. Katika nyekundu hizo nilijua nina esi na malkia pamoja, kwa sababu niliwaona walipopangwa. Sikujua kama ni wa kopa au wa uru. Kama ni wa kopa, wako nyuma ya Achola na Achola ameanguka, nampiga dabo hasara yake iwe maradufu. Kama ni wa uru, tupande shupaza nne. Mambo mawili kinyume kabisa, na mkono ni uleule. Ningeweza kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. Ningeweza kumwita Khaemba na kumwambia sioni. Wote wangenitazama. Na Nabalayo angenihurumia, Byron. Nikapita. Hicho ndicho kimya chako. Ndiyo maana nilikwambia kulihusu karata. Ndiyo maana nilikimbia.

Sasa nimeketi hapa na mikono yetu yote kichwani. Unajua sisahau mkono. Ile siku ya mvua ulipofungua bila turufu ukiwa na pointi kumi na tatu, wewe unayewafokea watu wakifungua kwa kumi na nne. Ile ya Krismasi ulipotaja shupaza juu ya kopa zangu nzuri, nikakununia mpaka Mwaka Mpya. Zile kopa nne zote ulizorukia. Nilidhani ni uroho. Nilidhani umeniona nimezeeka. Mkono baada ya mkono ulikuwa unazidisha pointi moja, mbili, kila mahali ambapo ningelazimika kucheza au kuanza. Nimekuwa nikitafuta ulikuwa unahesabu nini. Ulikuwa unahesabu macho yangu.

Na kopa nne za Achola. Achola angecheza, na aliyepaswa kutoa karata ya kwanza ni mimi.

Nani alikuomba? Wamucii anasema nipunguze ukali, nimemwambia aandike kama ninavyosema. Nani alikuomba? Miaka miwili umeninyang'anya mchezo ninaoupenda kuliko kitu chochote baada ya mtoto huyu anayeandika. Hukuniuliza. Hukuniambia, "Nduta, naona hivi." Ulinilaza mezani. Halafu, ili kulinda siri ambayo ni yangu, umewapa watu jina lako walitemee mate. Nitakulipaje hilo? Sikutaka deni kama hilo.

Nimekasirika, na nimechoka, na sijui ni lipi linalotangulia.

Nduta


Maseno, 9 Aprili 2024

Nduta,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Baadaye nikaketi.

Nilijua tangu siku uliyotoa ghulamu wa uru mahali pa kopa, Nabalayo akacheka, na wewe ukacheka kuliko wote ukisema mawazo yako yako dukani. Wengine walitazama uso wako. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, nikatazama mikono. Ilikuwa imezishika karata kama mtu aliyeshika sinia la mayai. Baada ya hapo nikaona jinsi unavyogeuza kichwa, kama kuku anayeitazama punje. Na kila ulipokuwa dami, ulipozilaza karata zako mezani, mabega yalishuka. Yalishuka, Nduta. Mimi nikayaona mabega hayo nikasema, basi, mama huyu awe dami.

Unauliza kwa nini sikusema. Ningesemaje? Mimi ninayejua kusema nini? Najua kumwambia waziri ni mwongo. Najua kumwambia mkuu wa chuo aondoke. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kumwambia mwenzangu, "macho yako." Kila Jumamosi nilitoka Maseno nikiwa na sentensi hiyo mdomoni. Nikifika, wewe umeshakaa, umeshachanganya karata, unaniambia, "Umechelewa, omera, leo tunawachapa." Basi ningeimeza. Nikaona ni rahisi zaidi kuongeza pointi moja.

Nilichomwandikia Khaemba ni kweli tupu. Nilitaja shupaza nne kwa sababu ya kimya chako. Hawajui tu nilisikia nini. Achola anadhani nilisikia una karata nzuri. Mimi niliona kidole chako kikitoka karata moja hadi nyingine, kinarudi, kinatoka tena. Nikajua nikipita, utatakiwa kuanza, na utaanza na karata usiyoijua mbele ya wakili anayengoja hilo tu. Shupaza nne zingeanguka, zingeanguka juu yangu. Kwamba zilifaulu ni ajali. Esi na malkia wako walikuwa wa uru, kama utapenda kujua. Walikaa juu ya mfalme na ghulamu wangu kama ndugu.

Rufaa niliiondoa uliponiandikia kwamba kulihusu karata. Nilielewa kwamba nikiendelea kuvuta, nitakuvuta wewe mpaka mbele ya kamati. Jina langu? Jina langu limeshapigwa na watu bora kuliko Debra Achola. Nilikulilia kama mtoto katika barua mbili na naona aibu. Gazeti limenipumzisha. Nalala mchana. Nimegundua kwamba dunia inaweza kuendelea wiki nzima bila mimi kuikemea, na habari hiyo imenichosha kuliko kazi yenyewe.

Una haki ya kukasirika. Nimejaribu kukupinga kichwani, kwa mazoea, na kila hoja niliyoipata ilikuwa nzuri na haikufika popote.

Byron


Homa Bay, 16 Aprili 2024

Oketch,

Tumerudi kwenye Oketch. Usifurahi sana.

Nimemwandikia Khaemba kila kitu, macho na nyekundu sita na sababu ya kukawia, na nimemwambia asome mbele ya watu Jumamosi, kwenye chai, mahali palepale. Sikukuuliza. Unaona inavyokuwa mtu akiamua kwa niaba yako? Amesoma. Nabalayo alinihurumia kama nilivyotabiri, na bado niko hai. Achola alitoka nje, akarudi, akasema atakwenda Nairobi kwa sababu mkataba ni mkataba, lakini neno la mwizi ameliondoa, na iandikwe kwamba ameliondoa. Wakili mpaka kaburini. Khaemba anasema uamuzi wake unabaki, kwa kuwa kanuni haziulizi ulisikia nini, zinauliza tu kama ulisikia. Adhabu ameikata hadi Juni. Nadhani ametenda haki, na nadhani unalijua hilo.

Daktari ananichoma sindano kwenye jicho. Usiulize. Kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kushikiliwa. Dukani yule binti atapima na kukata, mimi nitapokea wateja na kubishana nao. Kubishana hakuhitaji macho, wewe ni shahidi.

Sasa tathmini yako, Bwana Mwalimu. Ulikosea. Ulihesabu macho yangu, ukasahau kwamba nakumbuka kila karata iliyoanguka mezani tangu tuanze kucheza. Wewe karata ya saba ikipita umeshasahau ya pili, ukiwa unawaza utamwambia nini Achola. Mimi nikishaitambua karata mara moja, haiponyoki tena. Hiyo ina pointi ngapi kwenye kitabu chako? Hukuiweka hata nusu. Ulinipima kwa kiwango cha chini bila hata kunisikia nikipita.

Khaemba amenitumia pakiti moja ya zile karata zako. Namba ni kubwa kama za mlangoni, na uru ni buluu kama sare za sekondari ya wasichana. Nilizishika, nikazisoma zote, polepole, kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimesahau kwamba malkia wa kopa ameshika ua.

Basi nakupa masharti. Hutaniongezea wala kunipunguzia. Nikifungua mimi bila turufu na wewe una kopa, utanihamishia, kama wewe mwenyewe ulivyotufundisha, ili nicheze mimi. Nikianguka, nimeanguka, na hutasema kitu. Siku utakaposahau tena uhamisho wako, nitaamka mezani na sitarudi.

Wamucii amegawa mkono. Karata zako kumi na tatu ziko kwenye bahasha, ndani ya kifurushi kinachokuja na basi. Sijazigusa. Achola na Nabalayo tuwahesabu wamepita, wako Nairobi wanatafuta maegesho.

Nafungua.

Moja bila turufu.

Nduta


Maseno, 18 Aprili 2024

Nduta,

Kifurushi kimefika, na samaki mkavu ndani yake. Ero kamano, asante. Bahasha inanuka omena.

Karata nimezipanga. Ni mkono wa kusikitisha, wala sitasema zaidi, kwa maana sheria ni sheria hata kwa barua. Nimekaa nao kuanzia chai ya saa nne mpaka wanafunzi wakatoka kula. Ungemwita mwamuzi. Vidole vyangu vilitaka kuandika kopa nne. Viliandika hata "kop". Nimefuta.

Uru mbili.

Byron


Homa Bay, 19 Aprili 2024

Oketch,

Kopa mbili.

Sasa laza karata zako mezani, mzee, na unyamaze.

Nduta